Sima ya Hawe Sidi

Fundi,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nikianza barua bila kukuamkia nitakuona ukigeuza uso na kujifanya unatafuta spana. Miaka yote ile hukuwahi kuniambia niamkie. Ulikuwa unanyamaza tu mpaka nikumbuke mwenyewe. Basi shikamoo, Fundi Kahindi. Ni mimi, Nekesa.

Imetimia miezi minne na wiki moja tangu tukuzike Kakoneni. Nimeshindwa kuandika siku zote hizo kwa sababu barua yenyewe ina jambo moja tu ndani yake, na mengine yote nitakayokuambia ni kuzungukazunguka. Unanijua, nikiwa na kosa maneno hayaniishi. Nivumilie nikianza mbali, nitafika.

Kwanza habari za nyumbani. Mkeo, Mama Dama, yuko. Amekonda, na mara nyingine husimama katikati ya uwanja akasahau alikuwa anakwenda wapi, lakini shamba la mihogo amelipalilia na mbuzi wale wawili wamezaa. Kibanda chetu cha Kisumu Ndogo, hapa Malindi, bado kipo, ila mwenye uwanja amemweka fundi wa kuchomelea vyuma pale mbele, mtu wa kelele asiyejua kuamkia. Simu yako ninayo mimi. Mama Dama alinipa akasema watu wa mashine wataipiga, na kweli wanaipiga. Juzi alipiga mtu wa Adu. "Fundi, chekeche limepasuka tena. Njoo, mke wangu ameshakuwekea jogoo." Nikamwambia umefariki. Akauliza, "Na yule mama wa pua, yeye yupo?" Nikakata simu.

Mama wa pua. Ndivyo walivyoniita kuanzia Marafa mpaka Bamba, na jina hilo ulinipa wewe. Ulikuwa ule mwaka wa barakoa. Hoteli ya Bofa nilikokuwa naosha vyombo ilikuwa imefungwa, nami nimerudi Malindi kukaa na mikono mitupu. Nilikuwa napita mbele ya kibanda chako na ndoo ya maji nikasema, "Mzee, kuna kitu kinaungua hapo." Umeinamia injini, mkanda unafuka karibu na goti lako, na huna habari. Homa ya mwaka ule ilikuwa imekuachia uhai ikachukua pua. Hukusikia tena harufu ya dizeli, wala ya mpira unaoungua, wala ya chakula. Ulizima mashine, ukanitazama, ukauliza, "Wewe una kazi?" Hivyo tu. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano, Mbukusu wa Bungoma, nikawa mwanafunzi wa fundi wa mashine za kusaga unga. Jirani zangu walicheka mpaka wakachoka.

Mama Dama hakucheka. Alitaka kuniona kwanza kabla sijaanza kuzunguka na mumewe vijijini. Akanipikia wali wa nazi na kunde, akakaa mbele yangu kunitazama nikila, sahani ya kwanza mpaka ya pili. Nilipomaliza akakuambia, "Huyu amekuja kula, hakuja kuiba mume." Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi niliona haya, lakini tangu siku ile alinihesabu kuwa mtu wa nyumba yake.

Nami nilidhani umeniajiri nibebe nyundo za mashine na kukuambia mkanda ukianza kuungua. Kumbe zaidi ya yote ulitaka mtu wa kukusimulia chakula. Kazi yako ilikuwa kazi ya kulishwa. Ulikuwa na sheria yako ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mashine ikishapona, unga wa kwanza unamwagwa kwa sababu una vumbi la chuma. Unga wa pili unasongwa sima palepale, na wewe unakula mbele ya watu wenye madebe yao, ili waone. "Fundi asiyekula unga wa mashine yake hajamaliza kazi," ulikuwa ukisema. Mfuniko ukiinuliwa ulikuwa ukiniinamia kidogo, sauti ya chini, "Inasemaje?" Nami nakuambia.

Nilikuambia mambo mengi, Fundi. Kule Marafa walituwekea mtsunga, zile mboga chungu za porini, kwenye tui zito. Nikakuambia inasema majani yaliyokatwa baada ya mvua, na tui limeshika chini ya sufuria kidogo, na huo mshiko ndio utamu wenyewe. Ukafumba macho ukatafuna polepole, ukasema, "Nimeupata." Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuila mboga ile. Tonge la kwanza lilinipinda uso kwa uchungu, la pili likanyamaza, la tatu nikawa nafuta bakuli kwa kidole. Uliniambia mtsunga haukaribishi mtu, unamzoea. Na nilipouita ugali ule wao "ugali", mama mwenye nyumba alicheka, wewe ukaniambia ukitaka kula ugali panda basi urudi Bungoma, hapa pana sima.

Na siku ile ya laga, ule mto wa msimu karibu na Bamba, unakumbuka? Mvua ilikuwa imenyesha mbali, tukakuta maji yamejaa mahali tulipopita asubuhi pakavu. Tumebeba rota ya mashine kwenye gunia, wewe upande mmoja na mimi upande mmoja, na mwenye pikipiki ametukimbia. Tulikaa ukingoni kutwa nzima na akina mama waliotoka gulioni, tukingoja maji yapungue. Mmoja wao alikuwa na kapu la mabumunda, yale madonge ya unga na ndizi mbivu. Alikuwa anawapelekea wajukuu. Alitutazama, akatazama maji, akasema wajukuu watakula kesho. Nilikuambia yanasema ndizi iliyokaribia kuwa pombe, na moshi wa kuni. Nikala sita. Katika maisha yangu nimepita jikoni mwa hoteli kubwa, nimekwangua kamba na kaa kwenye sahani za wageni tukimwaga kwenye pipa, maana mfanyakazi akionja anafukuzwa. Lakini nikiulizwa chakula kitamu nilichowahi kula nitasema ni kile, ukingoni mwa maji machafu, miguu ina tope.

Naona nimeanza kufurahi. Sikuja hapa kufurahi.

Garashi, Fundi. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, ingawa wakati ule nilidhani ni jambo dogo. Ilikuwa safari yangu ya kwanza nawe. Mwenye mashine alikuwa ametuwekea ng'onda, samaki aliyepasuliwa akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Kwetu samaki ni wa ziwani, na akiwa na harufu ile anatupwa. Ulipoinama ukauliza, "Inasemaje?" nikajibu kwa sauti yangu hii ya sokoni, mke wa mtu amesimama na birika la maji ya kunawa, "Huyu ananuka, mzee. Ameoza." Yule mama aliweka birika chini. Aliingia ndani na hakutoka mpaka tunaondoka.

Njiani hukunisemesha mpaka tulipovuka mto Sabaki. Halafu ukasimama katikati ya barabara. Sijawahi kukuona na hasira namna ile. "Chakula cha mtu hakisemwi. Yule amekinyima kinywa cha mwanawe akakupa wewe. Siku utakayomwaibisha tena mtu kwa alichokupikia, mimi na wewe basi." Nililia. Kesho yake ulininunulia ng'onda sokoni, ukampa Mama Dama akampika kwa nazi na bamia, na nikala, na alikuwa mtamu. Nikaapa moyoni kwamba kosa lile sitalirudia.

Sikulirudia.

Sasa nimefika.

Unakumbuka jinsi tulivyoitwa kule ndani, mbele ya Vitengeni, na kile chama cha akina mama. Mashine yao ilikuwa imevunjika shafti, ikabidi tungoje vyuma kutoka Malindi, siku sita. Ulikuwa mwaka wa pili wa ukame. Mashamba yamebaki mabua tu, na watu wanachemsha mihogo mchana na jioni. Chama kikampa Hawe Sidi kazi ya kukulisha, kwa sababu nyumba yake iko karibu na mashine na kwa sababu wote walimwita hawe, bibi, mtu wa heshima. Mimi nililala kwake na wajukuu zake wawili wa kike. Kwa hiyo nilijua jambo ambalo wewe hukulijua. Alikuwa na gunia moja la mahindi. Binti yake alimletea juu ya lori kutoka Mariakani, likanyeshewa njiani na mvua ambayo huko ndani haikufika, na Hawe hakulifungua kwa wajukuu. Alilifungua aliposikia wewe unakuja, akayatwanga kwa kinu kwa kuwa mashine ilikuwa mbovu. Nilimsikia akiwaambia watoto, "Mahindi ni ya fundi. Sisi tuna mihogo yetu."

Siku ya kwanza alitoka na sinia, sima imefunikwa, kunde pembeni. Alikuwa amejifunga leso mpya. Akainua mfuniko, na mimi nikasikia.

Fundi, mimi ni mtoto wa mahindi. Kwetu Bungoma mtoto anajua mahindi yaliyovunda kabla hajajua kusoma. Mama yangu alinichapa nikiwa darasa la tatu kwa kuyachanganya kwenye debe la kusaga. Ni harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi ikakaa sandukuni wiki nzima. Haikuwa kali. Hawe alikuwa ameyaosha na kuyaanika, yakawa meupe ya kupendeza. Lakini ilikuwa imo.

Ukaniinamia. "Inasemaje?"

Yeye alikuwa amesimama hapo na maji ya kunawa. Nikaona birika la Garashi likiwekwa chini. Nikaona uso wako katikati ya barabara.

Nikasema, "Inasema vizuri, Fundi. Inasema mahindi mapya."

Na hapo ningekuwa nimekosa kosa la mjinga tu, kama ningekaa nikala nawe. Sikukaa. Nilisema, "Mimi leo nimefunga. Kanisani kwetu ni wiki ya maombi." Ulinitazama ukacheka. "Wewe na kufunga wapi na wapi?" Ukanawa, ukala. Nami kwa siku sita nilikwenda nyuma ya duka la pale senta nikala mandazi na chai ya rangi, nimejificha kama mwizi. Kila siku uliniuliza inasemaje, na kila siku nikakujibu. Siku ya tatu nilisema inasema moshi mtamu. Nilikuwa nimeanza kutunga.

Nimejiuliza nilikuwa nawaza nini. Nilidhani utaumwa na tumbo, basi. Nilidhani watu wazima wamekula mabaya zaidi ya hayo na wakaishi. Nilijiambia nitakueleza tukiwa njiani, kama ulivyonifundisha, mambo ya chakula cha mtu yanasemwa njiani. Lakini njia ilikuwa siku sita mbele. Ningeweza kukuvuta kando, Fundi. Kando ya mashine, hatua kumi tu. Nimezipima hatua zile mara nyingi kichwani. Na kuna saa nakukasirikia wewe. Ulinifundisha kunyamaza ukasahau kunifundisha lini nisinyamaze. Nasema hivi kisha naona aibu, kwa sababu hata mtoto angejua, na mimi nilijua, ndiyo maana sikula.

Tulipotoka kule ulikuwa umeanza kutapika. Wiki iliyofuata macho yako yalikuwa ya njano. Pale hospitali Malindi daktari, msichana mdogo mwenye subira, alisema ini lako limeharibika. Akauliza, tukiwa wawili kando ya kitanda, mimi na Mama Dama, kama ulikuwa umekula mahindi yenye ukungu, maana ukungu una sumu yake na ini ndilo inalolipiga. Mama Dama alinigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa nawe.

"Sijui, daktari," nikasema.

Baadaye nilimwuliza peke yake kama kujua kungesaidia. Akasema kwa hali uliyokuwa nayo pengine kusingebadilisha lolote, na kwamba ini la mtu wa umri wako huenda lilikuwa na lake la zamani. Nimelishika neno hilo "pengine" miezi minne. Halinishibishi.

Ulifariki Alhamisi mchana, siku ya tisa hospitalini. Uliniomba maji, nikakunywesha, ukaniuliza hayo maji yanasemaje. Ulikuwa unanitania.

Kwenye hanga lako, yale matanga ya kwenu, walichinja ng'ombe. Watu walilia, wakaimba, wakala, ndugu zako walikufanyia yote yanayostahili mtu kama wewe. Mimi kila nilipoletewa sahani nilisema nimefunga. Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea. Siku ya tatu akaja Hawe Sidi. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, na kuku mkononi. Mdogo wako Karisa alimsimamisha langoni. Akamwambia arudi na kuku wake.

Ndivyo nilivyojua kwamba maneno yameanza.

Ndugu zako walikuwa wamekwenda kwa mganga, naye akawaambia ni mkono wa mwanamke aliyekulisha. Haikuhitaji mganga kusema hivyo, mtu yeyote angeweza kuotea. Lakini likishasemwa na mganga linakuwa kubwa. Kule kijijini watu wakaacha kuchota maji naye. Wakakumbuka mtoto wa fulani aliyekufa, na mbuzi wa fulani. Mvi zake zikawa ushahidi. Wewe unajua vizuri kuliko mimi yanayowapata wazee wenye mvi huko ndani neno hilo likiwashika. Mwezi uliopita vijana walikwenda nyumbani kwake mchana kweupe na mapanga, wakakata mlango, wakamwambia ana wiki mbili ahame au wamtoe wao. Na swali lao lilikuwa moja. Walisema, kama sima ile ilikuwa safi, mbona yeye na wajukuu wake hawakuila?

Mbali na Hawe mwenyewe, mtu mmoja tu mzima alijua kwa nini. Alikuwa Kisumu Ndogo, amekaa juu ya sanduku la spana zako, simu yako mapajani. Na alinyamaza wiki nzima nyingine, Fundi. Nikisema kwa nini Hawe hakula, watauliza kwa nini mimi sikula.

Chifu aliita kikao Jumamosi iliyopita, asubuhi, uwanjani kwake. Nilikwenda na Mama Dama. Njia nzima alikuwa ameshika mkono wangu, akidhani nalia kwa ajili yako. Hawe Sidi aliketishwa kwenye kiti cha plastiki peke yake, katikati. Alikuwa ametulia. Karisa akamwuliza lile swali, naye akajibu kwa upole, kana kwamba anamfundisha mtoto, "Mahindi ni ya mgeni. Sisi tulikuwa na mihogo." Watu wakaguna. Karisa akageuka akanitazama. "Na huyu wa Bungoma? Alikuwa huko siku sita. Mbona naye hakula?"

Nikasimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa, gunia, mvua, harufu, uongo wa kufunga, mandazi, daktari. Nikasema mama huyu hakumroga mtu. Alitoa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mimi ndiye niliyesikia harufu nikamwambia Fundi ale. Sikulia. Sauti yangu ilikuwa kavu mpaka ikanishangaza.

Karisa alivua kofia. Akaondoka, na vijana wake wakamfuata mmoja mmoja. Chifu akasema neno la uchawi limekwisha na atakayemgusa mama huyu atajibu kwake. Watu wengine walinijia wakasema nimemwokoa mzee wa watu. Mama Dama alikuwa ameuachia mkono wangu. Hajaushika tena. Jumapili alinitumia ujumbe kwa jirani, maneno matatu tu: "Alikuamini kuliko mimi."

Lakini si hilo ninalokuandikia. Hilo nalistahili.

Wakati watu wanatawanyika, Hawe Sidi alikuwa bado kwenye kile kiti. Nikamwendea nikapiga magoti nimwombe radhi. Hakuwa ananisikia. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole. Akaniuliza, "Mwanangu, ni yale mahindi?" Nikasema ndiyo, Hawe. Akasema, "Niliyaosha mara tatu." Nikasema najua. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Jumanne nilikwenda kwake. Mlango wameurudishia, majirani wamempelekea kuni na maji, wengine wamemwomba msamaha. Nilimkuta amekaa na mikono mapajani. Wajukuu ndio wanaopika. Hagusi unga, hagusi mwiko, chungu chake amekifunika kwa gunia akakisogeza nyuma ya nyumba. Nilikaa naye mpaka alasiri. Nilimwambia mara kumi kwamba kosa ni langu. Akanipigapiga begani, ananibembeleza mimi. Halafu akaniambia jambo hili, na nakuandikia kama alivyolisema. "Walipokuja na mapanga nililala usingizi, mwanangu. Nilijua sikumfanya mtu lolote. Sasa wameniacha, na usingizi umekwenda nao."

Nilimpa uhai wake nikamnyang'anya kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Sikujua jinsi ya kumpa kimoja bila kumnyang'anya kingine. Kama wewe unajua, nakuomba sana, njoo hata ndotoni uniambie.

Kazi nitaendelea nayo. Ijumaa nakwenda Adu kwa yule mtu wa chekeche. Nakuahidi mawili, na ukiyaona nimeyavunja usinipokee siku nitakapofika huko. La kwanza, chakula kikiwa na ubaya nitasema hapohapo, mwenye nyumba amesimama, birika mkononi, na aibu ile nitaibeba mimi. La pili, kila wiki nitakwenda kwa Hawe Sidi nikae naye, na kila wiki nitamwambia tena kwamba yeye alipika tu, mimi ndiye niliyejua. Hataniamini. Nitamwambia hivyohivyo, mpaka mmoja wetu afe.

Sikuombi msamaha leo. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza, kile chakula kilisema nini. Kilisema kimevunda, Fundi. Kilisema usile.

Kwaheri, baba.

Nekesa